Mwenye Jina Anakula Wapi?

NYUMBA NA FEZA: ukurasa wa jamaa



Katika miji yetu ya machimbo, tangu Kipushi na Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, kuna saa moja ya hatari katika maisha ya jamaa, na watu hawaitambui kama ni hatari sababu inafika pamoja na furaha. Ni saa ile baba anarudi nyumbani na dekonti finali mukononi. Kazi imekwisha, kompani imelipa yote, na kwa mara ya kwanza nyumba ile inaona dola elfu nyingi mahali pamoja. Feza ile ni mingi kuliko mushahara wa mwezi, lakini ni kidogo kuliko miaka yenye kubaki.

Ni saa ile vilevile mugeni anapiga hodi. Amevaa vizuri, ana karatasi zenye rangi, anaongea kwa heshima. «Papa, usianze biashara ya jina lako mwenyewe, utahangaika bure. Ingia chini ya jina letu. Jina linajulikana tayari. Wewe lipa tu feza ya kuingia. Sisi tutakufundisha, tutakuletea vitu, wewe utauzisha.»

Namna hii ya biashara inaitwa franshizi. Maana yake ni mukataba wa kutumia jina na namna ya kazi ya mutu mwingine. Duka ni lako, hasara ni yako, lakini jina juu ya mulango ni la mwingine, na kwa sababu ya jina lile unamulipa. Kuna franshizi ya kweli yenye kulisha jamaa. Kuna nyingine ni mutego. Mwezi huu tunataka kusaidiana namna ya kuchagua.

Hatuandiki kwa kuogopesha watu. Tunaandika sababu inchi yetu imeona mambo haya. Tangu mwaka 2003, Gécamines ilipofanya mupango wa kuondoka kwa hiari kwa musaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea feza yao ya mwisho mara moja, kisha miezi mingi bila mushahara. Kuna walionunua taksi. Kuna waliofungua duka. Kuna waliokwenda shamba. Wenye kuishi katika kartie zetu wanajua nani alisimama na nani alianguka. Wengi walioanguka hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa mafundi wakubwa, watu waliotumika miaka 20 ao 30 kwa uaminifu. Lakini kujua kazi ya mashine si kujua kazi ya duka, na hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha hesabu.

ULIZO MOJA LENYE KUTANGULIA YOTE

Mugeni akisha kuongea, watu wengi wanauliza: «Nitapata ngapi?» Ni ulizo zuri, lakini si la kwanza. Ulizo la kwanza ni hili: mwenye jina anakula wapi?

Maana yake, feza ya mwenye jina inatoka wapi? Inatoka kwa mununuzi mwenye kuja kununua mukate, soda ao dawa? Ao inatoka kwako wewe, siku unapoingia? Kama anakula kwa mununuzi, basi yeye na wewe munakula sahani moja. Ukiuzisha vizuri, anafurahi. Ukianguka, na yeye analala njaa. Kwa hiyo atakufundisha na kukulinda. Lakini kama anakula kwa feza yako ya kuingia, yeye amekwisha kushiba siku ile ile unapotia sahihi. Kesho yake hana tena sababu ya kukutembelea. Atatafuta baba mwingine mwenye dekonti.

Tuchukue mufano wenye kujulikana dunia nzima. Katika Marekani, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na nyumba ya chakula katika muji wa San Bernardino, California. Walikuwa wamepanga kazi ya jikoni vizuri kabisa, hata chakula kilitoka upesi na kwa bei ya chini. Mutu mumoja jina lake Ray Kroc, aliyekuwa akiuzisha mashine za kuchanganya maziwa, aliona kazi yao, akapatana nao aeneze jina lao. Mwaka 1955 akafungua nyumba yake ya kwanza katika Des Plaines, karibu na Chicago.

Tuangalie namna Kroc alivyopanga feza wakati ule. Mutu aliyetaka kuingia alilipa dola 950. Kisha, kwa kila dola 100 alizouzisha, alitoa dola 1 na senti 90. Katika hiyo, senti 50 zilikwenda kwa ndugu wawili wenye jina, na dola 1 na senti 40 zikabaki kwa Kroc. Munaona? Feza ya kuingia ilikuwa kidogo. Kroc hakuweza kutajirika nayo. Ilikuwa lazima wenye maduka wauzishe sana, ndipo na yeye apate. Kwa hiyo aliwafuata, akaangalia usafi, akaangalia chakula, akawasumbua hata wakachoka naye. Na tena hakutaka kuwauzishia vitu vya jikoni kwa bei ya kupandisha, kama vile wengine walivyofanya. Mwaka 1961 alinunua haki zote za ndugu wale kwa dola milioni 2 na elfu 700.

Lakini tusimufanye malaika. Ile asilimia ilikuwa ndogo sana, haikutosha kuendesha kompani. Kwa hiyo tangu mwaka 1956 kompani yake ilianza kupanga viwanja na nyumba, kisha kuvipangisha kwa wenye maduka. Hivi kompani ilikula vilevile kwa kodi ya nyumba. Mwenye duka alikuwa na jina la mwingine juu ya kichwa, na udongo wa mwingine chini ya miguu. Alipovunja mukataba, alipoteza vyote viwili.

Basi mwenye jina anaweza kula pahali pa ine: kwa feza ya kuingia, kwa sehemu ya mauzo ya kila mwezi, kwa vitu anavyokulazimisha kununua kwake, na kwa kodi ya nyumba. Shika karatasi, andika pahali hapa pa ine, na mbele ya kila pahali andika hesabu. Kama mugeni hataki kukupa hesabu ya pahali pamoja, ujue ni pale anapokula zaidi.

JINA BILA KITU

Kuna wengine wanakuja na jina tupu. Wanasema «franshizi», wanasema «ajensi», lakini hakuna kitu chenye kuuzishwa, ao kitu chenyewe ni kisingizio: sabuni moja ya bei ya ajabu, chupa moja ya dawa yenye kuponya magonjwa yote. Feza ya kweli inatoka kwa watu wapya. Unaambiwa: «Leta watu 5, na kila mumoja alete 5.»

Kijana mwenye kusoma masomo ya hesabu, mufanyie papa na maman hesabu hii kwa meza. Watu 5 wanaleta 25. Hao 25 wanaleta 125. Kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625, kisha 78,125, kisha 390,625. Kwa hatua ya 9 tu wanahitajiwa watu wapya 1,953,125. Muji wote wa Likasi hautoshi. Basi wa mwisho, nao ndio wengi kuliko wote, wanalipa na hawapati kitu. Si bahati mbaya, ni hesabu.

Wazee wanakumbuka mwaka 1991, wakati inchi ilikuwa ingali Zaire, namna Bindo Promotion ilivyoanguka katika Kinshasa. Watu walileta feza yao wakitumaini kupokea mara nyingi zaidi kwa muda mufupi. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata, na ushuhuda wao ukavuta wengine. Kisha feza ya wapya haikutosha, na nyumba za watu zikabaki na karatasi. Jina la mutego linabadilika kila mara. Namna yake haibadiliki.

Kumbuka vilevile kwamba mutu aliyelipwa mara ya kwanza si shahidi wa kutosha. Katika mutego wa namna hii, wa kwanza wanalipwa kweli. Ndiyo nyama ya kuvulia samaki.

MUFANO WA KARIBU: KABINE YA FEZA YA SIMU

Tuache Marekani, turudi kwa barabara yetu. Biashara yenye kufanana zaidi na franshizi, ambayo kila mutu anaiona hapa, ni kabine ya feza ya simu. Kazi hii ilianza kwa nguvu katika Kenya mwezi wa 3 mwaka 2007, wakati Safaricom ilipoanzisha M-Pesa. Katika Kongo, Vodacom ilianza M-Pesa yake mwaka 2012. Leo vijana na wamama wengi wanakaa chini ya parasoli yenye rangi ya kompani moja, wakipokea na kutoa feza ya watu.

Hapa mwenye jina anakula wapi? Anakula kwa mununuzi, katika ile feza inayokatwa mutu anapotoa ao kutuma. Na wewe wa kabine unapewa komisio katika hiyo. Kwa upande huu ni biashara yenye msingi. Lakini si nyepesi.

Kwanza, unahitaji mifuko miwili wakati mumoja: feza ya mukono na feza ndani ya simu. Mutu akija kutoa dola 100 na wewe huna ya mukono, anakwenda kwa jirani. Mutu akija kuweka na simu yako ni tupu, anakwenda vilevile. Siku ya mushahara wote wanataka kutoa. Kisha siku hiyo feza yako yote inalala ndani ya simu. Mwenye kapitali ndogo anakaa nusu ya siku bila kazi, lakini kodi ya pahali haingojee.

Pili, komisio ya mara moja ni kidogo. Inahitaji watu wengi kila siku. Kabine 6 kwenye kona moja zinagawana watu wale wale.

Tatu, wezi. Wanapiga simu wakijifanya wakubwa wa kompani na kuomba nambari ya siri. Wanaonyesha ujumbe wa uongo kwamba feza imeingia. Wanaleta noti za uongo saa ya jioni. Kosa moja linakula komisio ya miezi. Nambari ya siri haipewi mutu yeyote, hata anaita jina lako vizuri. Na feza haitolewi mbele ya kuangalia kibakio ndani ya simu yako mwenyewe.

Ine, laini ya ajenti iandikwe kwa jina lako. Kuna wenye kukodisha laini yao kwa vijana na kuitisha feza nyingi ya kuingia. Siku mukigombana, mwenye laini anaifunga, na feza yako yote ya ndani iko mukononi mwake.

HESABU MBELE YA SAHIHI

Katika Luka 14 Bwana wetu alisema juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara: atakaa kwanza chini na kuhesabu garama, watu wasimucheke akishindwa kumaliza. Basi tukae chini.

Tuseme umepewa nafasi ya kufungua duka la mikate na soda chini ya jina la kompani moja. Hesabu hizi ni za mufano tu. Wewe utaweka zako. Feza ya kuingia ni dola 2,000. Firigo na vyombo ni 3,000. Kutengeneza nyumba ni 1,000. Jumla dola 6,000.

Mugeni anasema utauzisha dola 100 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni 2,600 kwa mwezi. Mama anapiga makofi! Ngoja kidogo, mama. Vitu vyenyewe umevinunua kwa 1,950. Zinabaki 650. Kodi ya nyumba 150. Vijana wawili wa kazi 240. Umeme na mafuta ya jenereta 90. Sasa mwenye jina anataka 5 kwa 100. Lakini 5 ya nini? Si ya faida yako. Ni ya mauzo yote, ya zile 2,600. Ni dola 130. Jumla ya matumizi ni 610. Kwako zinabaki dola 40.

Munaona namna gani? Mwenye jina amepata 130, na wewe mwenye kuamuka saa 10 ya usiku umepata 40. Na leseni na kodi ya serikali hatujahesabu. Kwa dola 40 kwa mwezi, kurudisha zile 6,000 kunaomba miezi 150, ni kusema miaka 12 na nusu.

Sasa tuseme umeme umepotea siku 4 na duka limefungwa. Siku 22, mauzo 2,200, vitu 1,650, zinabaki 550. Kodi, vijana na umeme ni zile zile 480. Mwenye jina anachukua 110. Jumla 590. Umepoteza dola 40, lakini yeye amepata tu.

Je, biashara hii ni mbaya? Si lazima. Ukiuzisha dola 130 kwa siku, mauzo ni 3,380, vitu 2,535, zinabaki 845. Ondoa 480, ondoa 169 za mwenye jina, unabaki na 196. Hapo kurudisha feza kunaomba miezi 31 hivi. Tofauti ya kula na kulala njaa ni dola 30 tu kwa siku. Kwa hiyo yote inasimama juu ya ulizo moja: ni kweli duka la namna hii, katika kartie hii, linauzisha ngapi?

Jibu halipatikani ndani ya karatasi ya mugeni. Nenda kwenye duka lenye jina lile lile. Kaa ngambo ya barabara siku 3: siku moja kisha mushahara, siku moja ya katikati ya mwezi, siku moja ya mvua. Hesabu watu wenye kuingia na wenye kutoka na kitu mukononi. Kisha tafuta mutu aliyeacha biashara ile, umuulize kwa nini aliacha. Mezali 18:17 inatufundisha kwamba mwenye kuongea wa kwanza anaonekana kuwa na haki, mpaka mwingine anapokuja kumupima. Mugeni amekwisha kuongea wa kwanza. Umutafute wa pili.

MAMBO YA KUSOMA NDANI YA MUKATABA

Kama hesabu inasimama, sasa somea mukataba. Usiusomee mbele ya mugeni. Uusomee nyumbani, na kama luga ya Kifaransa ya sheria ni nguvu, lipa mutu mwenye kujua sheria akufasirie. Feza ile haitapotea.

Moja: Muda. Kama feza inarudi kwa miezi 31 na mukataba ni wa miaka 2, unatumikia mwingine. Muda wa mukataba upite sana muda wa kurudisha feza.

Mbili: Pahali. Iandikwe kwamba hatafungua duka lingine la jina lile lile karibu nawe, na umbali uandikwe. Ahadi ya mudomo inakwenda na upepo.

Tatu: Vitu. Kama ni lazima ununue kwake tu, bei inapangwa namna gani? Akikosa kukuletea poso mbili, unaruhusiwa kununua kwingine?

Ine: Mwisho. Ukichoka, unaweza kuuzisha duka kwa mutu mwingine? Vitu vyenye kubaki anavirudisha?

Tano: Kifo. Wapendwa, tuliseme wazi. Baba akifa, mukataba unapita kwa mama na watoto, ao unakufa naye? Tumezika watu wengi, na tunajua namna mujane anavyobaki na deni la jambo ambalo hakuambiwa. Iandikwe.

Juu ya nyumba ya kupanga, mujue hivi. Inchi yetu iliingia katika sheria za biashara za OHADA mwaka 2012. Katika sheria hizo, mutu aliyepanga nyumba kwa ajili ya biashara na kuitumia kazi ile ile ya mukataba muda wa miaka 2 kwa uchache, ana haki ya kuomba mukataba wa kupanga ufanywe upya. Kama mukataba una tarehe ya mwisho, anapaswa kuomba miezi 3 mbele, kwa namna yenye kuacha ushuhuda. Wengi wanafukuzwa kwa kutojua hivyo. Lakini haki ile ni ya mwenye kupanga. Kama aliyepanga nyumba ni mwenye jina na si wewe, fikiri mara mbili.

Na biashara yako iwe na karatasi zake. Guichet Unique ndiyo pahali pa kuandikisha biashara na kupata nambari ya RCCM. Muulize vilevile mugeni: «Kompani yenu RCCM yake ni ngapi?» Kisha nenda kuhakikisha. Mutu wa kweli hakasiriki kwa ulizo hili.

SIKU 20

Mugeni mwenye mutego anapenda neno «leo». «Leo ni siku ya mwisho. Kesho bei inapanda.»

Katika inchi nyingine serikali iliona hatari hii. Katika Ufaransa, tangu sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1989, mwenye jina anapaswa kumupa mutu karatasi za habari za kweli siku 20 mbele ya sahihi. Katika Marekani ni siku 14, na karatasi zile zinataja hata watu walioacha biashara katika mwaka uliopita. Katika Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 2008 inamupa mutu siku 10 za kazi kisha sahihi, aweze kurudi nyuma.

Sasa wewe, jiwekee sheria ya siku 20 ndani ya nyumba yako. Hakuna sahihi wala dola moja yenye kutoka mbele ya siku 20, hata mugeni analia. Katika siku zile baba anakwenda kuhesabu watu, mama anauliza bei sokoni, kijana anafanya hesabu, na wote munaomba. Jambo lililotoka kwa Mungu halitaharibika kwa siku 20.

MUJI WENYE MULANGO MUMOJA

Kuna jambo moja lenye kutuhusu sisi watu wa machimbo kuliko wengine. Wanunuzi wetu wote wanalipwa kwenye mulango mumoja. Katikati ya mwaka 2008 bei ya shaba ilipita dola 8,000 kwa tani. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa karibu 3,000, na machimbo na viwanda vingi vya Katanga vikafunga. Mwisho wa mwaka 2019 machimbo makubwa ya Mutanda, karibu na Kolwezi, yalisimamishwa, yakaanza tena mwaka 2021. Siku ya namna ile, mwenye duka analia pamoja na mwenye kazi.

Kwa hiyo chagua kitu ambacho watu wananunua hata wakati wa njaa: mukate, unga, sabuni, dawa, masomo. Vitu vya furaha ya siku ya mushahara vinauzishwa vizuri, lakini ndivyo vya kwanza kuachwa.

Na usiweke yote pamoja. Muhubiri 11:2 inatuambia kugawanya sehemu nyingi, sababu hatujui mabaya gani yatakuja. Mutu akituuliza, tunasema hivi: sehemu ya kwanza ya dekonti ni chakula, masomo na dawa ya mwaka mumoja. Ya pili ni nyumba ao shamba. Ya tatu ndiyo ya kupima biashara. Na parsele yenye jamaa inalala usiitie rehani hata kidogo. Mezali 22:26-27 inaonya juu ya mutu mwenye kutoa zamana hata kitanda kinachukuliwa chini yake. Kitanda kile ni cha watoto pia.

NENO KWA NYUMBA NA KWA KANISA

Baba, usifiche. Feza uliyochimba shimoni, mama aliichimba pamoja nawe kwa kuamuka usiku na kupika. Mukataba ambao huwezi kuuonyesha kwa mama wa nyumba, usiutie sahihi. Mama, na wewe usimusukume baba sababu jirani amefungua duka lenye rangi.

Vijana, musione haya kuanza kidogo na jina lenu wenyewe. Jina la wengine linasaidia pale ambapo kazi yake inajulikana kuliko kazi yako. Lakini mama mwenye kuuzisha mandazi kwa kona miaka 10, safi na kwa bei ya haki, na yeye ana jina, na halimulipi mutu.

Na sisi viongozi wa kanisa, tuangalie. Mutego unapenda kupita kwa mulango wa kanisa, sababu pale watu wanaaminiana. Mutu akileta biashara na kuanza na «Bwana asifiwe», tumuitikie kwa furaha, kisha tumuulize RCCM. Jukwaa la Injili si pahali pa kutangaza feza ya kuingia. Na kama mutu anasema pasta wako tayari ameingia, uliza pasta mwenyewe, na umuulize vilevile: «Pasta, mwenye jina anakula wapi?»

Katika siku hizi 20, karibuni munapoketi mezani jioni, andikeni pahali pale pa ine, na mbele ya kila pahali muweke hesabu. Pahali pasipo na hesabu, feza isitoke.

Bwana awape hekima na alinde kazi ya mikono yenu. Tuonane mwezi ujao.

Pasta wenu